Chumba cha Uani

Mkwe halali chumba kimoja na mkwewe. Hilo halina mjadala, si kwetu ng'ambo ya Ruvuma, si huku Mtwara, na hata bunduki zilizotutoa nyumbani hazikulibadilisha. Ukiwa mbioni unalala porini na watu usiowajua, mmelaliana kama magunia, na hakuna anayeuliza nani ni nani. Lakini ukishapata chumba chenye mlango, adabu inarudi na kukaa mahali pake. Mama yangu asingelala ndani ya chumba ambamo mume wangu anavulia shati. Na mume wangu angelala barazani na mbu wote wa Magomeni kuliko kumsikia mama mkwe wake akikohoa nyuma ya pazia.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu huniuliza, mbona hukumleta mama yako? Wanauliza kwa upole, na mimi hutamani kuwatukana. Nauli ilikuwepo. Mtumbwi wa kuvukia, gari la kutoka Kilambo mpaka mjini, hivyo ningevipata kwa wiki chache za kubangua korosho. Kilichokosekana ni chumba. Na chumba chenyewe kilikuwepo, uani kwetu, hatua chache kutoka nilipokuwa nainama kupuliza jiko. Kilikuwa na mlango wa bati na dirisha dogo la nondo. Ndani mlikuwa na magunia matupu na baiskeli isiyo na magurudumu.

Lakini nianzie tulikofikia. Tulivuka mimi, mume wangu na binti yetu mmoja, baada ya kijiji cha jirani kuchomwa. Mama alikataa kuondoka. Alisema mihogo iko shambani, na baba yuko kaburini, nani atawaangalia? Sisi tukapanga chumba kimoja Magomeni, kwa mwanamke mjane mwenye shamba la korosho nje ya mji na ulimi unaofika kabla yake. Alitupokea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Wakubwa wa mtaa walipokuja kuuliza hawa ni akina nani, alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Hawa wangu." Neno hilo moja ndilo lililotuweka Mtwara. Nilikuja kujua baadaye kwamba maneno ya namna hiyo nayo yana bei.

Msimu wa korosho mume wangu alipata kibarua bandarini, kupakia magunia. Msimu ukiisha na bandari inanyamaza, naye anakaa kijiweni na wenzake wakizungumzia meli zijazo. Mimi nilibangua korosho nyumbani kwa ujira wa kilo. Mafuta ya ganda yanababua ngozi hata upake majivu, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka nikaona aibu kumpa mtu mkono. Siku zisizo na korosho nilifua nguo za watu.

Wenye pesa wanasema maskini hajui kupanga matumizi. Nawaambia, hakuna anayepanga kama maskini. Mafuta ya kula nilinunua ya kupima, yaliyofika nusu ya kikombe. Mkaa wa kopo, dagaa wa fungu, chumvi ya kufunga kwenye karatasi. Nilijua vizuri kwamba anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, na kwamba gunia la mkaa lingenitoa miezi miwili kwa bei ya makopo ya mwezi mmoja. Sasa gunia nilinunue na nini? Ujinga haukuwa wangu. Ulikuwa wa mfuko.

Mwalimu mmoja kutoka bara, niliyekuwa namfulia, alinihurumia akanipa somo. Alisema nitenganishe mahitaji na matakwa, halafu kila siku niweke kitu, maana haba na haba hujaza kibaba. Alikuwa mtu mwema. Sikumuuliza mama mzazi anakaa upande gani, wa mahitaji au wa matakwa, kwa sababu shuka zake zilikuwa bado kwenye beseni na ujira wangu ulikuwa bado mfukoni mwake.

Mwaka wetu wa pili, binti yetu akafikia kuchezwa unyago. Nilitaka tusubiri. Mama mwenye nyumba akasema, "Mtoto hajachezwa anakuwa hivyo hivyo, kama muhogo haujamenywa? Hee, mwenzangu, usituletee aibu uani." Basi likizo ya shule ilipofika tukamwingiza ndani, na siku ya kutoka mwali uani pakajaa wanawake. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile tangu nivuke. Walikuja wakicheza mmoja mmoja, wananivika kanga mabegani, wananibandika noti kwenye kilemba, na vigelegele vinapanda juu ya ngoma. Mama mwenye nyumba alinivika doti tatu peke yake, na ndoo ya mchele akaitua miguuni kwangu kwa kishindo ili kila mtu asikie. Nililia. Nilidhani napendwa.

Kijijini kwetu mambo yalikuwa mengine. Mtoto wa mtu akichezwa, watu waliletana unga, kuku, mtama, vikapikwa, vikaliwa, vikaisha. Kwa mwenzako utakwenda na mikono yako, utatwanga, utachota maji, na hakuna atakayekuuliza kuku wake yuko wapi. Kwa hiyo zile kanga niliziona zangu. Kodi ilipodaiwa na mume wangu hana kazi, nilizibeba mpaka Rahaleo, kwa mwanamke anayeuza nguo nje ya duka, akazinunua kwa bei ya kunionea. Nikampelekea mama mwenye nyumba kodi yake. Yaani nilimlipa kwa kanga zake mwenyewe, akahesabu, akanishukuru, na mimi nikarudi ndani nimefurahi kama mtu mwenye akili.

Baada ya hapo ndipo mama alipopiga simu. Mihogo ilikuwa imeibwa, majirani wamehama, na yeye amekwenda kukaa kwa dada yake karibu na mto. Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba. Aliuliza tu, "Huko kuna pa kulala?"

Nikamwambia, "Patakuwepo, mama. Nipe muda kidogo."

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba siku ileile. Akasema chumba cha uani nitapewa nikileta kodi ya miezi sita mbele, kama mpangaji mwingine yeyote. "Sikupendelei, sikuonei," alisema, na hapo alikuwa anasema kweli. Nikanunua kibubu, kile kisanduku cha mbao chenye tundu la kutumbukizia hela, kilichopigiliwa misumari pande zote ili mwenyewe usijiibie. Tukaacha chai ya sukari. Tukaacha dagaa, tukala ugali na mboga ya majani ya muhogo isiyo na nazi, mpaka mume wangu akasema anaanza kunuka shamba. Nilibangua mpaka kucha ikatoka. Kila jioni nilikitikisa kibubu, na sauti yake ilianza kuwa nzito. Kila Ijumaa mama alipiga, na kila Ijumaa nilimwambia bado kidogo.

Siku moja mama mwenye nyumba alikuja jikoni, uso umekunjuka. Mjukuu wake anachezwa likizo hii. "Nnakutegemea, mwenzangu," akasema, akanigusa bega pale pale alipowahi kunivika kanga. Nikamwambia asiwe na shaka, nitakuja kutwanga na kupika mpaka achoke yeye.

Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto mdogo akisema jambo la kuchekesha, akaenda zake.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshakuwa mtu wa Mtwara kuliko mimi, na alikuwa amefundwa ndani mambo ambayo mimi mamaye sikufundwa. "Mama," akasema, "zile kanga zinarudi. Zinarudi na nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Alikuvika tatu, wewe unamvika nne, au tano. Na mchele ndoo, na kitu juu ya mchele. Mkono mtupu haulambwi, mama. Na ile siku watu waliona."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Hasira niliyoipata sijui nilimkasirikia nani. Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyeniambia pia, kwa sababu mtu haambiwi kitu ambacho kila mtu amezaliwa anakijua. Kumbe siku ile niliyolia kwa furaha walikuwa wananikopesha, tena kwa ngoma na vigelegele, na mimi nacheza.

Usiku ule nilimwambia mume wangu tukatae. Aliuliza swali moja tu. "Wakija tena wale wa mtaa, nani atasema hawa wangu?"

Nikavunja kibubu kwa mchi wa kutwangia. Kesho yake asubuhi nikazifunga zile pesa kwenye pembe ya kanga, nikamfuata mama mwenye nyumba barazani, alikokuwa anachagua mchele.

"Mama, nimekuja na pesa," nikamwambia. "Ndizo hizi, sina nyingine. Ukizipokea kama kodi, mama yangu anavuka wiki hii na analala chumba cha uani. Ukizipokea kama tunzo, zinaisha Jumamosi kwenye ngoma ya mjukuu. Nakuomba uzipokee kama kodi."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliendelea kutupa vijiwe vya mchele pembeni.

"Mwenzangu, kodi ni ya nyumba. Tunzo ni ya watu. Usinichanganyie." Akaweka ungo chini. "Mimi nlipokutunza wewe, unadhani nlikuwa nazo? Korosho yangu ilikuwa ghalani, haijalipwa. Nlikopa. Nlikopa nikuvike wewe mgeni, watu wasiseme mpangaji wangu hana mtu. Leo nimcheze mjukuu wangu, watu wakuone wewe umekaa tu, mabega yangu matupu? Watasema nini?"

"Mama yangu anangoja, mama."

"Mwambie angoje msimu. Korosho zitaanguka tu."

Na lililoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa. Yeye naye alikuwa anadaiwa na mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa unadaiana hivyo hivyo tangu bibi zao. Hakuna aliyekuwa tajiri pale. Doti zilikuwa zinazunguka tu kutoka bega hadi bega, na kila zikizunguka zinaongezeka, na mimi nilikuwa nimezitoa kwenye mzunguko nikazila.

Jumamosi nikaenda. Nilinunua doti tano kwa yule yule mwanamke wa Rahaleo, na nadhani moja ilikuwa ile ile yangu, maana niliitambua kwa doa dogo la mafuta ukingoni. Safari hii nilinunua kwa bei kamili. Nikacheza kwenda mbele, nikamvika mama mwenye nyumba moja baada ya nyingine, nikatua ndoo ya mchele na beseni jipya juu yake. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema mgeni ameshakuwa mwenyeji. Mkono uliopokea doti zile ndio ule ule ambao ungepokea kodi. Kama zile pesa angekubali kuziita kodi, mama angepata chumba. Kwa kuwa ziliitwa tunzo, nilipata sifa. Nilicheka meno yote nje, na moyoni nilikuwa nawalaani.

Mama alipopiga Ijumaa nikamwambia asubiri msimu.

"Sina haraka, mwanangu," akasema. "Mto uko palepale."

Msimu haukumkuta. Mvua za masika zilinyesha sana mwaka ule, ng'ambo wakapata homa, na dada yake alipopata mtandao wa kunipigia, mama alikuwa ameshazikwa siku mbili. Dada yake alisema tu kwamba siku za mwisho mama alikuwa ameshafunga kifurushi chake na kukiweka karibu na mlango, na kwamba walimzika bila kukifungua.

Nilipiga ukelele nikiwa uani. Wa kwanza kufika alikuwa mama mwenye nyumba. Alinishika, akanikalisha, akavua kanga yake akanifunika kichwa. Kisha akaenda kwenye chumba cha uani, akafungua kufuli, na nikamsikia anakokota vitu. Alitoa magunia. Alitoa baiskeli. Akafagia mwenyewe, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akamwagia maji sakafu ili vumbi litulie, akatandika mikeka ya nyumbani kwake. Wanawake wakaanza kuingia na mchele, unga, na hela za ubani.

"Kaa humu, mwenzangu," akaniambia. "Wanaume wabaki barazani. Chumba chako hiki mpaka tuanue matanga. Na usinihesabie kitu. Ubani haudaiwi."

Alikuwa analia kweli. Nami nilitamani kumuuma.

Kwa hiyo nikakaa ndani ya kile chumba mara ya kwanza. Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani nilipokuwa nakichungulia dirishani. Watu walikuwa wanasoma dua na mimi nilikuwa napima. Kitanda cha kamba kingeenea ukutani, kichwa upande wa dirisha. Mkeka wa kuswalia ungekaa mbele yake, na mlangoni pangebaki nafasi ya kifurushi.

Tulipoanua matanga wanawake walikunja mikeka wakaondoka. Mama mwenye nyumba akaanza kurudisha magunia, akihema, mkono kiunoni. Sikuweza kumwona akihangaika peke yake. Nilishika upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukayarundika chini ya dirisha, akafunga kufuli, nikaenda kuwasha jiko.