Majivu ya Haboba

Majani ya kunde yakichemka kwenye maji ya majivu hutoa harufu ya ajabu. Mgeni atadhani mtu amefua shuka ndani ya sufuria ya simsim. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwambia haboba, yaani bibi yangu, kwamba anatupikia sabuni. Kiangazi kile tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Uganda, tukarudi nchini na kujenga kwenye mtaa wa Gumbo, na yeye alikuwa na hamu moja tu: kupika mboga ya kwao Kajo-Keji bila magadi ya dukani. Magadi, alisema, ni ya watu waliokimbia. Kwao maganda makavu ya kunde huchomwa peke yake, majivu yake hutiwa kwenye chungu kilichotobolewa kitako, humwagiwa maji, na yale matone ya rangi ya chai yanayodondoka chini ndiyo yanayolainisha majani na kuyatia ladha.

Kuchoma maganda ilikuwa kazi yangu, na siku ile haikuwa siku ya kuharibu. Dada mkubwa wa haboba, Haboba Poni, alikuwa anakuja, na hawakuwa wameonana tangu vita viwatenganishe. Nilichoma vizuri sana, sitaki nisingiziwe. Tatizo ni kwamba majivu meupe yakishapoa yanapakika usoni vizuri mno. Nikajipaka kuanzia nywele hadi magoti, nikawa mzimu, nikawafukuza watoto wa jirani mpaka kando ya barabara ya Nimule. Mmoja alijikojolea, nami nikajisikia msanii. Kuja kuangalia bakuli la majivu, tupu. Basi nikajiambia majivu ni majivu, nikajaza mengine kutoka shimo la takataka pale kando ya barabara. Yalikuwa bado na joto.

Haboba akayachuja, akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. “Makali leo,” akasema, akaonja tena. Mboga ikaiva. Haboba Poni akafika na mizigo yake, wakalia, wakachekana mapengo, wakaketi mkekani. Mboga ikawekwa katikati pamoja na asida, huo ugali wetu. Ndipo Mama Akello, jirani yetu Mganda anayekaanga chapati, alipoingia kusalimia mgeni, akaniona.

“Wewe mtoto, ulikuwa nachota nini pale kwa shimo? Makanika walikuwa nachoma betri za gari pale tangu asubuhi!”

Haboba Poni alikuwa ameshakata tonge, mkono unakwenda kwenye mboga. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Mimi, niliyekuwa nakalishwa mbele ya darasa ili ninyamaze! Nikaona njia moja tu. Nikaivamia ile sahani kwa mikono miwili, nikaibinua mchangani.

“Huyu mtoto ana shetani!” Haboba Poni akapiga kelele.

“Ni betri,” nikasema. “Nilichota majivu ya betri. Na haboba ameonja.”

Haboba Poni akamshika mdogo wake shingoni, akamtia vidole mdomoni. “Tapika, Keji! Risasi zimekukosa miaka yote hii, halafu uje ufe kwa mboga mbele yangu? Tapika!” Na haboba, mwanamke anayefunika mdomo hata akicheka, akatapika uani mbele ya watu. Mama Akello akaita boda boda, wakampakia katikati. Kwenye zahanati walimpima, wakasema arudi nyumbani tumwangalie mpaka kesho yake. Mpaka kesho! Nilikaa mchana wote nimeshika pindo la gauni lake, nikikodolea kifua chake macho. Kikipanda, nashukuru. Kikichelewa kidogo, navuta lile pindo.

“Unahesabu nini?” akaniuliza, akiwa amefumba macho.

“Pumzi zako, haboba.”

“Basi usikosee.”

Hakufa. Wala hakunichapa, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu fimbo ina mwisho. Kesho yake alinipa maganda mapya, akanikalisha mbele ya moto mpaka majivu yakapoa kabisa. Haboba Poni akala mboga ya majivu hayo kabla ya kuondoka, huku ananiangalia kwa jicho moja.

Sasa niko sekondari, na darasani bado mimi ndiye mchekeshaji. Juzi nilimwigiza mwalimu wa hesabu naye yuko mlangoni. Wenzangu wengi nyumbani kwao wanapika na magadi ya soko la Custom, yanalainisha upesi na hayana kesi. Mimi bado nachoma maganda, maana haboba hataki kingine, ila siku hizi kuanzia moto mpaka sahani ni kazi yangu. Macho yake yameingia ukungu na ulimi wake hauonji kama zamani. Nikimwekea sahani, ananyoosha mkono, anaitafuta, anamega. Haulizi majivu yametoka wapi. Anatafuna polepole, ananisimulia habari za Kajo-Keji, nami nakaa mbele yake bila mzaha wowote mdomoni, naogopa kuliko siku ile.