Fimbo ya Upanga Siku ya Ngurario

Mimi nikishika fimbo ya upanga, ile ya kutembelea yenye upanga uliofichwa ndani, kitu cha kwanza ni kuitikisa karibu na sikio. Ikigonga ndani, namrudishia mwenyewe bila maneno mengi. Upanga unaocheza ndani ya ala yake ni takataka, hata mpini uwe unang'aa namna gani. Nina kichaa cha fimbo hizi, hasa zile za bei ya chini, kwa sababu fimbo ghali mtu yeyote anaweza kuisifu. Kazi ni kuokota nzuri kwenye rundo la mitumba pale Sagana, au kwa muuza vitu vya zamani wa Kerugoya ambaye akiniona tu huanza kuapa kabla sijauliza chochote. Nyumbani kwetu Nyeri nimezitundika ukutani, na hazitoki. Mjini natembea na fimbo ya kawaida. Sitaki maneno na polisi.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba kijana anayemuoa binti yangu ataniletea fimbo ya upanga siku ya ngurario, nyumba nzima iliingiwa na baridi. Ngurario ndiyo sherehe inayokamilisha ndoa kimila, na mbele ya koo mbili, uso wa baba wa msichana husomwa na kila mtu. Uso wangu haujui kudanganya. Fimbo mbovu ikinijia mkononi, midomo hupinda yenyewe.

"Mzee," mke wangu aliniambia asubuhi akinifunga tai, "leo hiyo mdomo yako ufunge kabisa. Ukiaibisha huyo kijana, ni mtoto wako umeaibisha. Sema asante, weka hiyo kitu chini."

"Na ikicheza?"

"Icheze, iimbe, wewe sema asante."

Nikaapa. Yule kijana nilimpenda, na nilitaka binti yangu atoke kwangu akiwa na furaha isiyo na doa.

Hema lilijaa. Wasichana wakaletwa mbele, wamefunikwa leso kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, binti yangu akiwa mmoja wao. Kijana alitakiwa amtambue wake bila kumwona uso wala kusikia sauti yake, na akikosea alipe faini. Lakini kabla hajaanza kutafuta, msemaji wao, mjomba wake mwenye sauti ya mtu wa mnada, akasema ni lazima kwanza wamsalimie baba. Nikakabidhiwa kitu kirefu kilichofungwa ndani ya blanketi.

Asante nilisema. Niliisema vizuri kabisa. Kisha mkono wangu, ambao haukuwa umeapa, ukaifunua fimbo, ukaipeleka sikioni na kuitikisa.

Haikugonga.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilibonyeza kitufe nikauchomoa upanga wote, mbele ya wakwe.

"Ngai!" Mjomba aliruka kutoka kitini. "Ati mzee ametutolea silaha? Hiyo iko na faini, na si mbuzi moja!"

Watu walicheka, mke wangu akajifunika uso kwa viganja. Mimi nilikuwa mbali. Upanga ulikuwa mnyoofu, na nilipoukunja kidogo ulirudi mahali pake. Si bati lililong'arishwa. Ala ilikuwa ya mti mgumu usio na ufa. Nikajiuliza, kijana wa mshahara mdogo hawezi kuwa amenunua kitu ghali, sasa fundi amepunja wapi? Nikageuza mpini. Ahaa. "Pini ya kushikilia upanga iko wapi?" nikaguna, nikidhani nasema moyoni. Wamegandisha kwa gundi tu, na fimbo ya gundi hukuachia mpini mkononi siku ya kwanza ya jua kali. Nilimtazama kijana. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Nikahisi midomo yangu inaanza kupinda, na nguvu ya kuizuia sina.

"Baba!" Sauti ilitoka chini ya leso. "Zungusha hiyo pete ya shaba kwanza! Pini iko hapo chini, niliiangalia!"

Nikazungusha. Pini ilikuwa pale, imepenya mpaka upande wa pili, imesuguliwa ikalingana na mti.

Watu walichukua muda kidogo kuelewa kilichotokea. Kisha hema likalipuka. Bibi arusi amejifichua mwenyewe! Shangazi zake walishika vichwa, mjomba akacheka mpaka akaketi chini, na kijana akatembea moja kwa moja, bila haraka, akafunua leso. Binti yangu alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Faini zote mbili, ya upanga wangu na ya sauti yake, zikatuangukia sisi.

"Ni yeye alichagua," kijana aliniambia walipofika mbele yangu. "Tulizunguka mpaka Kangari. Kila nikipenda moja anaishika, anaikunja, anasema, 'Hii si ya Baba.'"

Miaka yote niliyokuwa nikizifuta fimbo zangu Jumamosi huku nikilalamika, binti yangu akiwa kando anamenya viazi, niliamini naongea peke yangu. Nililia pale pale mbele ya wakwe, upanga mkononi, na wala sikuona haya. Mke wangu akaja akauchukua taratibu, ili nipate mikono miwili ya kumkumbatia mtoto.