Mpiga Chapa wa Mitihani ya Hesabu

Taipureta ya karani wa shule yetu pale Isiolo haikuwa na alama ya kipeuo, wala njia ya kuandika sehemu. Yeye aliziunda kwa mikono. Alizungusha roli kidogo ili namba ya kipeo ikae juu, akairudisha, kisha akachora mstari wa sehemu kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufishia, kwa kalamu ya chuma, polepole, amezuia pumzi. Hesabu yenyewe hakuijua. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hii ndogo inakaa juu ya nani?"

Asubuhi ya kupeleka mitihani kwenye shule ya Garbatulla, Warfa, dereva wa lori, alikuwa akipiga honi nje. Karani alishika nakala ya kwanza, akaona mstari wa sehemu umeishia katikati.

"Wako ulifika mwisho," aliniambia, akionyesha mwandiko wangu.

"Mama, jua litatuchoma njiani!" Warfa akaita.

"Basi kunywa chai kwanza." Akapaka dawa ya kufutia kwenye stensili, akaipuliza ikauke, akachora upya, akachapa nakala zote.

Nilisafiri na lori hilo. Darasani kule Garbatulla nilimwona msichana aitwaye Raho akipitisha kidole juu ya mstari ule mpaka mwisho, kisha akaanza kuandika.

Niliporudi nilimletea karani kibuyu cha maziwa ya ngamia. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, vidole vyeusi kwa wino.

"Ilisomeka?"

"Ilisomeka, mama. Asante sana."

Akacheka kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amefaulu.