Redio Ambayo Jirani Yangu Aliogopa Kuimaliza

Jirani yangu, karani wa stesheni ya reli, amefariki Jumanne kwa homa. Dawa hazikupatikana mji mzima. Wasomaji wa hapa wanamkumbuka: ndiye aliyekuwa akiwauliza watu kama wana redio mbovu ya kutupa. Tangu Uhuru alichora na kuunga redio mezani kwake, na sijapata kusikia hata moja ikitoa sauti. Moja ikikaribia kukamilika, alikuwa amekwisha kuchora nyingine.

Tulimcheka. Lakini mdogo wake, fundi wa umeme kule Manono, alikuwa amejiundia chombo cha kurusha sauti, wakaahidiana kwamba mdogo ataita kila Jumapili baada ya misa, na kaka atengeneze cha kumpokea. Kisha vita vikaingia, treni zikasimama, barua zikakatika. Mwaka jana nilibahatika kupata kwa mchuuzi wa Kigoma ile taa ya ndani ya redio aliyokuwa akiililia. Alinishukuru sana, akaifunga katika kitambaa, akaanza mchoro mpya unaotaka taa mbili. Nilikasirika, nikamuuliza ana nini.

"Papa, nikiimaliza nitasikiliza," alisema. "Nikisikia kimya tu, nitajua mudogo wangu hayuko tena. Leo bado sijui. Hiyo njo inanipa nguvu ya kuamuka."

Tangu hapo nawatazama vingine watu wa mji huu: seremala anayepima mbao za nyumba ambayo kiwanja chake hakifikiki tena, wakubwa wanaochora barabara za kwenda kusikopitika. Nilidhani ni upumbavu. Sasa naona ni watu wanaotafuta mahali pa kuweka mikono yao ili wapate nguvu ya kuamka.

Matangani mjane wake aliniita pembeni. Alinieleza kwamba zamani, sokoni, msafiri aliyetoka Manono alimwambia kuwa shemeji yake, yule fundi wa umeme, aliuawa vita vilipoanza tu.

"Nilinyamaza," alisema. "Makaratasi ya kuchora, mie njo nilikuwa namutafutia."

Nililojifunza ni hili: mkimwona mtu ameshikilia kazi isiyokwisha, msimuulize ataimaliza lini. Huenda nyumbani mwake yumo mtu anayelibeba peke yake, kila siku, jibu ambalo mwenzake analikimbia.