Mgeni Niliyemkaribisha Bwaloni

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, ya majira ya baridi, mwaka wangu wa kwanza hapa Toronto. Weka hiyo simu chini kwanza. Kesho unahamia bwenini, na hili sitaki ulisikie nusunusu.

Nilikuwa msichana mdogo. Baba alinitoa Tanga akanitia shule ya bweni ya wasichana, jengo kongwe la mawe, ukutani picha za wanafunzi wa kwanza na aproni zao nyeupe. Tulikula kimya, migongo wima, uji usio na chumvi wala sukari. Jina langu liliwashinda wenzangu kulitamka, basi wakaacha kuniita. Ah, upweke ule! Nilikuwa nalilia chooni, nimefungulia maji nisisikike.

Siku hiyo nilishikwa na mafua, nikaachwa nile peke yangu bwaloni, mchana kweupe. Nikamwona msichana kasimama dirishani, kavaa aproni nyeupe kama zile za pichani, midomo imemkauka. Sasa mtoto wa Kiswahili atakulaje na mtu anamtazama? Nikasema kama nilivyolelewa, "Karibu tule."

Akaja, akakaa.

Hakugusa chakula. Alinitazama tu nikitafuna, na tangu hapo hakukosa mlo hata mmoja. Wenzangu hawakumwona, ila walisogeza viti vyao wakisema pale pana baridi. Chakula kikapoteza ladha, sketi ikanipwaya mpaka nikaibana kwa pini. Na usidhani niliogopa. Nilifurahi, mwanangu! Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Jumapili moja nikaenda kwa shangazi yangu Zainabu, mtaa wa Thorncliffe Park. Alikuwa amepika wali wa nazi. Nilipoketi mkekani nikajisogeza pembeni bila kujijua.

"Unampisha nani?" akaniuliza.

"Mgeni wangu."

Shangazi akanitazama mifupa ya shingo, akarudisha tonge sahanini. Nikamweleza yote.

"Ewe mtoto! Unamkaribisha mtu hujui katoka wapi?" Akaisogeza sahani kando. "Sasa mgeni uliyemkaribisha mwenyewe hafukuzwi, husindikizwa. Lakini msindikize hadi njiani, si hadi kwake. Akikwambia 'bado kidogo,' geuka urudi. Ukivuka hapo hatukupati tena."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nikavaa koti nikamwambia, "Twende nikusindikize." Tukavuka uwanja. Theluji ilikuwa mpya, na nilipotazama nyuma nikaona nyayo za mtu mmoja tu. Nikasimama langoni. Mbele yetu njia iliteremka bondeni penye miti, na huko chini nikasikia sahani zikigongana, wasichana wakicheka, na mmoja akiniita. Alilitamka jina langu sawasawa, kama mama.

Yule msichana akaninyooshea mkono. Kwa mara ya kwanza akasema, tena kwa Kiswahili safi, "Bado kidogo."

Wallahi nilitaka kwenda. Mguu ulishainuka. Nikasema, "Kwaheri, mwenzangu. Mimi naishia hapa," nikageuka. Alilia nyuma yangu mpaka nikafika mlangoni, nami nililia.

Jioni nilikula nikaomba niongezwe. Tulipotoka bwaloni nikamwambia msichana aliyeketi karibu nami, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba nawakumbuka watu wa kwetu. Kumbe naye alikuwa hivyo hivyo, hana wa kumwambia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu. Mimi nilisikia, ndiyo maana nipo nakuchosha masikio. Ukiwa mpweke mji huu, kila atakayekaa karibu nawe utamwona rafiki. Mkaribishe, ukarimu haukatazwi. Ila jitazame: anakujenga, au unakwisha? Ukiona unakwisha, muage kwa heshima, wala usimfuate kwao hata akikulilia. Na usione haya kuwaambia walio hai kwamba umezidiwa. Nipigie, hata kama ni kulia tu.

Mungu akutangulie uendako, akupe wenzako wa kushiba nao, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.