Kila Mara Malaria

Miguu ya fundi funguo ilianza kurukaruka asubuhi ya Alhamisi, ufunguo wa kabati la mteja ukiwa bado kwenye mashine. Goti moja liligonga meza kwa chini, la pili likafuata, vumbi la shaba likamwagika sakafuni. Yeye hakusikia maumivu. Tangu lori alilokuwa akiendesha lilipopinduka likamvunja uti wa mgongo, kuanzia kiunoni kwenda chini ni kama mwili wa mtu mwingine alioachiwa autunze.

"Fundi, leo kuna ngoma?" aliuliza mama muuza mkaa akipita mlangoni. "Miguu inacheza, mwenyewe umenuna!"

"Imeanza bila mimi, mama."

Mama akacheka, akaenda zake. Fundi akabaki na dalili yake. Watu wengine vijidudu vikiingia kwenye mkojo huungua, wakajua. Yeye haungui. Mwili wake hupiga hodi mlango wa nyuma: miguu hurukaruka, shingo hutoka jasho hata kukiwa na baridi. Alipojitoa mkojo kwa mpira wake mwembamba na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha, ulikuwa mweupe kama maji yaliyosuuza mchele.

Alijua alipokosea. Wiki nzima alikuwa akikimbizana na kazi za watu. Maji alikunywa kidogo ili asiache mashine, na saa za mpira akawa anazisogeza mbele. Jumamosi binti yake anahitimu ualimu, na safari hii alikuwa ameahidi kukaa kwenye viti vya wazazi. Dereva mwenzake wa zamani alishakubali kumpeleka kwa gari.

Kwenye droo kulikuwa na vidonge vilivyobaki mara iliyopita. Alivitia mfukoni, akasukuma kiti chake hadi zahanati.

"Umemeza chochote?" muuguzi aliuliza.

"Bado. Ninavyo hapa."

"Afadhali. Ungemeza, kipimo kingetudanganya. Huu mkojo tunauotesha, tujue ni mdudu gani na dawa gani inamuweza."

"Sasa mkojo nao mnapanda?"

"Tunapanda. Wewe usivune kabla ya msimu." Akamwekea kipimajoto. Alipokitoa hakutania tena. "Daktari atakuanzishia dawa tukisubiri majibu. Na ukianza kutetemeka, au kichwa kikigonga, njoo hapohapo."

"Jumamosi nina safari."

"Na homa hii? Safari iache, kaka."

Jioni alikaa na simu mapajani kabla ya kupiga. Binti alipomaliza shule ya msingi, baba alisema ana malaria. Binti alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, malaria. Neno mkojo halikuwahi kumtoka mbele ya binti yake. Malaria ina heshima yake. Mtu hupewa pole, na maswali yakaisha hapo.

"Mwanangu."

"Baba! Usiniambie."

"Yaani leo nimeamka na..."

"Malaria." Hakupaza sauti. "Mbu wa huko wanakupenda, Baba. Wanajua ratiba yangu kuliko mimi."

Ulikuwa mzaha usio na kicheko. Baba akasikia ndani yake mlango ukirudishwa taratibu. Akisema ndiyo leo, hataalikwa tena.

"Si malaria," alisema. "Haijawahi kuwa malaria. Ni mkojo."

"Mkojo umefanyaje?"

Akaeleza, macho ukutani kana kwamba binti alikuwa amekaa mbele yake. Mpira, vijidudu vinavyopona vikarudi, homa, wodi. Mengine aliyaruka.

"Kwa hiyo mimi nilipolazwa..."

"Na mimi nilikuwa nimelazwa."

"Mama alisema huwa hutaki watu wakuone kwenye kiti."

"Mama yako naye nilimwambia malaria."

Upande wa binti, kwa mbali, sauti za wasichana zilikuwa zikibishania pasi ya nguo.

"Mimi mtu mzima, Baba. Mkojo ungenitisha nini?"

Akasikia binti akivuta pumzi, kisha sauti ikarudi ya upole, ya kazi, ile atakayoitumia darasani.

"Pole, Baba. Meza dawa, unywe maji. Sasa, hapa chuoni hawataki viti vya mbele vibaki wazi. Itabidi mjomba akae."

"Akae."

Jumamosi hakufungua duka. Homa ilikuwa imeshuka kidogo. Alikunywa maji, akasikiliza watu wakipita, akapokea picha moja kwenye simu: binti katika joho, mama yake kushoto, mjomba kulia, amevaa suti, amejaa tabasamu kama vile mtoto ni wake. Chini yake binti aliandika, "Nimewaambia unaumwa kweli." Baba aliikuza picha kwa vidole, akaikuza tena, mpaka nyuso zikavunjika kuwa rangi tupu na hapakuwa na mtu wa kumtambua. Kisha saa ya mpira ikafika. Akaiweka simu kitandani, akaenda kunawa mikono.