Ada ya Ghorofa ya Tano

Kule supamaketi wenzake walimwita Lifti. Majengo mengi aliyopelekea bidhaa yalikuwa na lifti mbovu, wakasema afadhali hii ya miguu, haijawahi kukwama. Alikuwa na miaka arobaini na sita na goti la kushoto lililomsumbua kwenye kila ngazi. Mkewe alimshauri aombe kazi ya kupanga bidhaa kwenye rafu. Aliomba, akaambiwa asubiri, na akawa anasubiri huku anapanda.

Miezi miwili nyuma uongozi ulileta utaratibu mpya. Mteja akitaka kupelekewa vitu nyumbani analipa ada, na mbebaji haruhusiwi kupokea bakshishi, hata iwe ndogo namna gani. Kila mzigo ulikwenda na kadi yenye swali moja: je, mhudumu amepokea chochote kutoka kwako? Ndiyo au Hapana, na mistari miwili ya maoni. Lifti alikuwa na barua mbili za onyo tayari, moja kwa sababu ya chupa ya soda. Ya tatu ingekuwa ya kumuaga.

Jumanne hiyo mzigo ulikuwa wa mwalimu mstaafu anayeishi peke yake ghorofa ya tano. Unga, mafuta, sabuni, na maji katoni mbili. Alipokuwa ameinama na katoni ya pili, mwalimu akamtumbukizia noti iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati, kama alivyozoea kabla ya utaratibu mpya. Lifti hakuwa na pumzi ya kubishana. Akachukua kadi, akaaga.

Ghorofa ya tatu alisimama kupumzisha goti, akaisoma. Mwandiko ulinyooka kama wa ubaoni. Alama ilikuwa kwenye Ndiyo, na chini yake: Nimempa. Anastahili zaidi.

Alikaa kwenye ngazi. Kuichana kusingesaidia, kwa maana kadi ikipotea ilihesabiwa kuwa mbebaji amepokea. Akashika ukuta, akapanda tena.

"Mwalimu, hii itanifukuzisha kazi."

"Hii? Si nimekusifu humo, baba."

Akamweleza habari ya barua mbili za onyo na ya tatu inayomsubiri. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ada anayolipa kila wiki inakwenda wapi, maana yeye siku zote alijua anailipia miguu ya mbebaji.

"Ni ya duka, mwalimu."

"Hupati hata nusu?"

"Hata harufu yake."

Lifti akamwomba afute. Hilo mwalimu alilikataa katakata. Miaka thelathini na minne alikuwa akiwakatia wanafunzi alama kwa kufuta majibu. Alichofanya ni kuipokea noti yake, kisha akaandika kwenye mstari wa pili: Amerudisha yote.

Msimamizi, kijana anayeweza kuwa mwanawe, aliisoma kadi mara mbili. "Mzee Lifti, fomu yangu haina mahali pa kuandika amerudisha." Akapiga simu kwa wakubwa. Lifti alisubiri amesimama, kwa kuwa kiti cha pili cha ofisi ile kilibeba mafaili. Baada ya muda mrefu jibu lilikuja kwamba ihesabiwe Hapana. Msimamizi akamshauri akaishone mifuko ya shati izibike, na hakuonekana kutania sana.

Jumanne iliyofuata hakukuwa na mzigo wa ghorofa ya tano. Lifti alimkuta mwalimu mwenyewe kwenye foleni ya malipo, ameegemea kaunta, kikapuni mna unga kilo mbili na kipande cha sabuni.

"Wabaki na ada yao," alisema mwalimu. "Kama haifiki kwenye miguu yako, nitatumia yangu."

Lifti alitaka kumwambia kwamba hajaomba hilo, na kwamba ghorofa tano ni nyingi kwa umri wake. Akachukua tu mfuko, akaubeba hadi mlangoni, kwenye mstari wa manjano ambao mfanyakazi havuki na bidhaa za mteja asiyelipa ada. Mwalimu akaupokea pale.

Lifti alimwona akivuka barabara, akasimama, akahamishia mfuko mkono wa pili, akaendelea. Nyuma ya Lifti msimamizi alikuwa ameshaita. Kulikuwa na kreti tatu za kupeleka ghorofa ya sita.